Baada ya Mshtuko wa Moyo: Tuzuie wa Pili

(Muziki wa kufungulia kipindi, kisha unashuka taratibu)

Ninawasalimu mlio sokoni hapa Gakoromone mkipanga bidhaa, mlio Makutano, Nkubu na Maua, na ninyi wa upande wa Chuka, Runyenjes na Embu mjini. Karibuni tena katika mazungumzo yetu ya afya. Mimi ni muuguzi wenu wa afya ya jamii hapa Gakoromone. Vuta kiti, ongeza sauti ya redio kidogo, na kama kuna mgonjwa wa moyo nyumbani mwite asikilize pamoja nawe.

Leo tunazungumza na watu waliokwisha kupata mshtuko wa moyo, ule ambao wengi wetu tunauita hati ataki, na watu wanaoishi nao. Swali letu ni moja tu: umepona mshtuko wa kwanza, utafanya nini usipate wa pili?

Nitaanza na kisa cha mzee mmoja. Jina lake halihitajiki hewani, kwa hivyo nitamwita Mzee wa Viazi. Amenipa ruhusa ya kukisimulia, tena aliniambia, "Sema yote binti yangu, labda kuna mtu atasikia."

Mzee wa Viazi alikuwa na miaka 58. Alikuwa akinunua viazi Kibirichia na kuviuza hapa sokoni. Asubuhi moja akishusha magunia kutoka kwa lori, alihisi kifua kimebanwa kama mtu aliyefungwa kamba. Jasho likamtoka na mkono wa kushoto ukawa mzito. Akadhani ni gesi, akanunua dawa ya asidi dukani, akaketi kando ya magunia yake kwa saa tatu. Alipoanza kutapika ndipo vijana wa soko walipomkimbiza hospitali. Mungu ni mwema, alipona. Alirudi nyumbani na mfuko wa dawa na tarehe ya kliniki.

Mwezi wa kwanza alimeza dawa zote. Mwezi wa pili alianza kukohoa kikohozi kikavu usiku, akaambiwa na jirani kwamba ni zile dawa, akaacha moja. Mwezi wa tatu alijiona mzima kabisa, na karo ya kijana wake ilikuwa inadaiwa, basi akaacha zote. Goti likamuuma, akawa ananunua diklofenaki dukani. Na kwa sababu lori husafiri usiku, alirudia kutafuna miraa na kuvuta sigara ili asisinzie. Mwezi wa tano ukaja mshtuko wa pili.

Mzee yuko hai hadi leo, na najua ananisikiliza. Lakini moyo wake sasa ni dhaifu. Akitembea kutoka mlangoni hadi kwenye zizi la ng'ombe anasimama kupumua mara mbili. Kijana wake aliacha chuo ili asimamie kibanda.

Nami nina kosa langu katika kisa hiki. Kati ya mwezi wa tatu na wa tano nilikutana naye sokoni. Alinisalimia kwa kicheko, akaniongezea viazi viwili juu ya debe, nikafurahi kumwona ana nguvu. Sikumuuliza, "Mzee, dawa unameza?" Swali hilo moja sikuliuliza. Tangu siku hiyo kila mgonjwa wa moyo ninayekutana naye, hata kama ni kwenye matatu, ninamuuliza. Msinichukie.

Msikilizaji, mzee huyu hayuko peke yake. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba mwaka 2022 watu takriban milioni 19.8 walikufa duniani kutokana na magonjwa ya moyo na mishipa, na wengi wao ni kwa mshtuko wa moyo au kiharusi. Takwimu za Marekani zinaonyesha kwamba katika kila watu 5 waliopata mshtuko wa moyo, karibu mmoja hulazwa tena kwa mshtuko wa pili ndani ya miaka 5. Habari njema ni kwamba mshtuko wa pili mara nyingi unaweza kuzuiwa.

Moyoni hutokea nini?

Moyo ni msuli wenye ukubwa wa ngumi yako, na hupiga karibu mara 100,000 kwa siku. Kwa vile unafanya kazi bila kupumzika, nao unahitaji damu yake. Damu hiyo huletwa na mishipa midogo inayozunguka moyo wenyewe.

Fikiria mfereji wa kunyunyizia shamba maji. Mwaka baada ya mwaka matope yanajikusanya kandokando ya mfereji. Maji bado yanapita, lakini kidogo kidogo. Siku moja ukingo wa tope unabomoka, takataka zinaziba mahali pale, na sehemu ya shamba inayotegemea mfereji ule inakauka. Katika mshipa wa moyo, tope ni mafuta yanayojijenga ndani ya ukuta wa mshipa. Mafuta yale yakipasuka, damu inaganda juu yake na kuziba njia. Sehemu ya moyo iliyokosa damu huanza kufa, na baadaye hubaki kovu. Kovu halisukumi damu. Sehemu iliyobaki ndiyo inayobeba mzigo wote.

Sasa sikiliza vizuri. Hospitali walipokutibu, walizibua au kulainisha mahali pamoja palipoziba. Wengine wamepelekwa Nairobi na kuwekewa stenti, yaani kibomba kidogo cha waya kinachoshikilia mshipa ubaki wazi. Lakini tope liko pia sehemu nyingine za mfereji. Ndiyo maana mtu hujisikia mzima na bado yuko hatarini. Kukosa maumivu si dalili kwamba ugonjwa umekwisha.

Dawa na kazi yake

Wagonjwa wengi huniambia, "Sista, dawa ni nyingi, sijui ya nini." Usipojua dawa ni ya nini, ni rahisi kuiacha. Basi tuzipitie moja moja.

Ya kwanza ni aspirini ndogo, mara nyingi miligramu 75. Kazi yake hapa si kutuliza maumivu. Inazuia chembe za damu zisishikane na kufanya donge. Mwaka 1988 ulitoka utafiti mkubwa wa wagonjwa zaidi ya 17,000 waliokuwa wamepata mshtuko wa moyo. Waliopewa aspirini kwa mwezi mmoja, vifo vya moyo na mishipa vilipungua kwa zaidi ya asilimia 20. Hiyo ni dawa ya bei ya chini kabisa. Wengi huongezewa klopidogreli, kwa kawaida hadi mwaka mmoja. Kama una stenti, usiache klopidogreli hata siku moja bila kauli ya daktari, kwa maana damu inaweza kuganda ndani ya stenti. Hata ukienda kung'olewa jino, mwambie daktari wa meno unatumia dawa hizi, naye awasiliane na daktari wako.

Ya pili ni dawa ya kupunguza kolesteroli, kama atovastatini. Hii inapunguza tope na kulifanya ligande imara lisipasuke. Mwaka 1994 watafiti wa nchi za Skandinavia walitangaza matokeo ya wagonjwa 4,444 wa moyo waliofuatiliwa zaidi ya miaka 5. Waliomeza dawa ya jamii hii, vifo vilipungua kwa asilimia 30. Mgonjwa huitumia hata kama kipimo cha mafuta kimeshuka, kwa sababu kimeshushwa na dawa hiyo hiyo. Ukipata maumivu makali ya misuli au mkojo ukawa wa rangi ya kahawia, rudi kliniki haraka.

Ya tatu ni dawa za kupunguza mbio za moyo, kama bisoprololi, metoprololi au kavedilolo. Hizi zinaupumzisha moyo. Usiziache kwa ghafla, kwa maana moyo unaweza kuruka kama ng'ombe aliyefunguliwa kamba.

Ya nne ni dawa kama enalaprili au ramiprili. Zinashusha presha na kuzuia moyo wenye kovu usipanuke. Hizi ndizo huleta kile kikohozi kikavu kwa baadhi ya watu. Mzee wa Viazi alipokohoa, alichohitaji ni kurudi kliniki abadilishiwe, apewe losartani ambayo kwa kawaida haikohozi. Kikohozi kile kilikuwa na dawa yake, lakini hakuna aliyemwambia.

Wengine hupewa pia tembe au dawa ya kupuliza chini ya ulimi, ya kutumia kifua kinapouma. Hiyo isikae kabatini nyumbani wakati wewe uko shambani. Tembea nayo.

Kwa kukumbuka dawa, funga ratiba yako na jambo ambalo huwezi kusahau: chai ya asubuhi na habari za saa moja jioni. Ukisahau leo, usimeze mara mbili kesho. Na mwombe mtu mmoja nyumbani awe mlinzi wa dawa. Wajukuu wanafanya kazi hii vizuri sana, hawachoki kuuliza.

Tahadhari moja: aspirini ni ya aliyeandikiwa. Wewe ambaye hujawahi kuugua moyo, usianze kuimeza kila siku kwa kuwa umesikia kwenye redio. Inaweza kuleta kutokwa na damu tumboni.

Dawa za maumivu za dukani

Hapa Meru tunapenda sana diklofenaki na ibuprofeni. Mgongo ukiuma baada ya kulima, tunapitia dukani. Kwa mtu aliyepata mshtuko wa moyo dawa hizi ni hatari. Zinaongeza uwezekano wa mshtuko mwingine, zinapandisha presha, zinajaza maji mwilini na kuumiza figo. Ukiwa na maumivu, anza na parasetamoli, kanda kwa maji ya moto, na uje kliniki kama haiishi. Ukiingia duka la dawa, neno lako la kwanza liwe: "Mimi ni mgonjwa wa moyo."

Sigara, miraa na pombe

Sigara sitaizungusha. Kuacha sigara kunapunguza hatari ya kufa kwa mgonjwa wa moyo kwa karibu theluthi moja. Hakuna dawa ya bei nafuu kuliko hiyo, kwa maana unarudisha na pesa mfukoni. Hakuna kipimo kidogo kilicho salama, hata sigara moja. Ugoro na shisha si kimbilio. Tangu sheria ya kudhibiti tumbaku ya mwaka 2007 hairuhusiwi kuvuta sigara katika maeneo ya umma, lakini nyumbani hakuna askari. Baba, ukivuta sebuleni unawavutisha mama na watoto.

Sasa miraa. Najua ninaposema neno hili kuna baite wananyosha mkono kuzima redio. Ngojeni kidogo. Mimi ni mtoto wa hapa. Miraa imelipa karo za wengi, na tunakumbuka namna Igembe ilivyoumia Uingereza ilipoipiga marufuku mwezi wa Juni mwaka 2014. Sizungumzi leo na mkulima wala mchuuzi. Ninazungumza na mtu mwenye kovu kwenye moyo.

Ndani ya miraa mna kemikali inayouchangamsha mwili. Moyo unakwenda mbio, presha inapanda, na mishipa ya moyo inaweza kujibana. Kwa mshipa uliokwisha kuwa mwembamba, kujibana kidogo kunatosha kuziba. Madaktari wa Yemen, ambako watu wanatafuna kama sisi, walichapisha utafiti mwaka 2005. Walilinganisha wagonjwa wa mshtuko wa moyo na watu wasio na ugonjwa huo, wakaona watafunaji, hasa wa kutafuna sana, walikuwa katika hatari kubwa zaidi. Tena miraa haitembei peke yake. Inaandamana na soda, sigara, kukesha na kukosa hamu ya chakula. Mtu aliyekesha kijiweni hadi alfajiri hakumbuki tembe zake za saa moja jioni.

Kwa hivyo ushauri wangu ni huu: aliyepata mshtuko wa moyo aache kutafuna. Unaweza kuilima, unaweza kuiuza, lakini isiingie mdomoni mwako. Kama kazi yako ni ya usiku, tafuta namna ya kubadilisha zamu au mtu wa kukupokea usukani.

Pombe nayo, kama hukuwa unakunywa, usianze kwa kusingizia moyo. Kama ulikuwa unakunywa, njia salama ni kuacha. Pombe nyingi hupandisha presha, huchafua mapigo ya moyo na hukufanya usahau dawa. Chang'aa hata usiionje.

Tuje jikoni

Akina mama na wote mnaopika, mgonjwa wa moyo hahitaji sufuria yake ya pekee. Chakula kizuri kwake ni kizuri kwa nyumba nzima.

Tuanze na chumvi. Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima asizidishe gramu 5 kwa siku, yaani kama kijiko kimoja kidogo cha chai. Hicho ni cha chakula chote cha siku, pamoja na chumvi iliyofichwa ndani ya mkate, soseji, krispi na vile vikolezo vya pakiti vya kuongeza ladha kwenye mchuzi. Toa kibakuli cha chumvi mezani. Tumia dania, kitunguu, tangawizi, ndimu na pilipili hoho. Baada ya wiki chache ulimi utazoea.

Mafuta: yale yanayoganda kwenye mkebe, acha. Tumia ya maji, na upime kwa kijiko. Usimimine tu kutoka kwenye mtungi. Githeri haihitaji kuogelea. Mukimo wa kwetu wenye majani ya malenge, mahindi na maharagwe ni chakula kizuri sana, mradi usitiwe siagi na chumvi nyingi. Nyama choma, mutura na supu ya kichwa viwe vya nadra. Kuku toa ngozi. Njahi, ndengu, maharagwe na omena vinaweza kuchukua nafasi ya nyama siku nyingi za wiki.

Mboga tunazo: sukuma wiki, terere, managu, kabichi. Pika kidogo, zisigeuke rangi ya majani makavu. Maparachichi yanaanguka chini ya miti yetu na sisi tunanunua chipsi kando ya barabara! Parachichi lina mafuta mazuri kwa moyo. Na kwa wenye kisukari, nduma, viazi vitamu na ndizi za kupika ni vyakula vizuri, lakini vipimwe: robo ya sahani iwe wanga, robo maharagwe au samaki, nusu mboga. Chai ya maziwa punguza sukari kijiko baada ya kijiko, hadi uzoee.

Kutembea, kazi na mambo ya chumbani

Kuna wanaodhani mgonjwa wa moyo alale tu. Hapana. Moyo ni msuli, na msuli usiofanya kazi hunyauka. Daktari akikuruhusu kutoka hospitali, anza na dakika 5 au 10 mahali tambarare, mara mbili kwa siku. Ongeza dakika chache kila wiki. Lengo ni kufika dakika 30 kwa siku, siku 5 za wiki. Huku kwetu kuna milima, kwa hivyo chagua njia. Kilima kiwe cha baadaye. Kipimo chake ni hiki: unapotembea uweze kuzungumza na mwenzako. Ukishindwa kumaliza sentensi, punguza mwendo. Ukiumwa kifua, simama.

Magunia, jembe gumu na kupasua kuni subiri. Wengi hurudi kwa kazi nyepesi baada ya wiki kadhaa, lakini daktari wako ndiye atakayesema, kwa kutegemea moyo wako uliumia kiasi gani.

Na sasa jambo ambalo watu hunong'onezea nje ya mlango wa kliniki: tendo la ndoa. Kama unaweza kutembea kwa kasi au kupanda ngazi za ghorofa mbili bila maumivu ya kifua wala kuishiwa pumzi, kwa kawaida unaweza kurudi kwa mwenzi wako. Lakini baba, tafadhali: usinunue tembe za nguvu za kiume kichochoroni. Zikikutana na ile dawa ya chini ya ulimi, presha inaweza kuanguka mara moja na kukuua. Uliza daktari bila aibu.

Huzuni nayo ni ugonjwa

Baada ya mshtuko wa moyo watu wengi hupata huzuni na hofu. Mtu aliyekuwa akilisha nyumba anaanza kuhesabiwa tembe. Analala macho wazi akisikiliza moyo wake. Mwenye huzuni nzito huacha dawa, huacha kutembea, hurudi kwenye sigara. Familia, msimkemee. Mpeni kazi ndogo ya heshima, mketi naye. Huzuni ikipita wiki mbili, mlete kliniki, tunazungumza naye na matibabu yapo.

Kliniki na gharama

Tarehe ya kliniki ni dawa kama dawa nyingine. Tunapima presha, na kwa wengi lengo ni chini ya 130 kwa 80. Tunapima sukari, mafuta kwenye damu na figo, na inapohitajika kipimo cha umeme wa moyo. Uliza pia juu ya chanjo ya mafua ya kila mwaka, maana mafua makali huulemea moyo.

Najua mfuko una tobo. Tangu tarehe 1 Oktoba 2024 NHIF iliondoka na nafasi yake ikachukuliwa na SHA. Kama hujajisajili, piga *147# kwa simu au uje kituo chochote cha afya na kitambulisho. Usingoje ugonjwa ndipo uanze kutafuta kadi. Na tangu Septemba 2023 wahudumu wa afya ya jamii wamepewa mikoba yenye mashine ya presha na ya sukari. Akibisha hodi, mfungulie. Anapima hapo hapo kwako.

Pesa zikikwama, usiache dawa kimya kimya. Njoo useme, "Sista, mwezi huu siwezi." Mara nyingi kuna dawa ya bei ya chini inayofanya kazi ile ile, na tunaweza kukuambia ipi haiwezi kukosekana hata siku moja. Tukikosa kujua, hatuwezi kusaidia.

Dalili za kukimbilia hospitali

Kifua kubanwa, kuungua au kuwa kizito, maumivu kwenda mkononi, shingoni, taya au mgongoni, jasho baridi, kuishiwa pumzi, kichefuchefu, kizunguzungu. Akina mama, wazee na wenye kisukari wanaweza wasiumwe kifua kabisa. Wanaweza kuchoka ghafla, kukosa pumzi au kuumwa juu ya tumbo wakidhani ni vidonda.

Fanya hivi. Acha kazi, keti. Tumia dawa yako ya chini ya ulimi mara moja. Dakika 5 zikipita na maumivu yapo, ni safari ya hospitali, usingoje asubuhi. Kama huna dawa hiyo, usingoje hata hizo dakika. Kama huna mzio wa aspirini, tafuna tembe nne za miligramu 75. Usijiendeshe mwenyewe, na usipande bodaboda peke yako. Leo hii, kabla kipindi hakijaisha, andika kwenye simu nambari ya jirani mwenye gari.

Maswali yenu

Msikilizaji wa Nkubu anauliza: "Naweza kutumia kitunguu saumu na dawa za miti shamba badala ya tembe?" Kitunguu saumu weka kwenye mboga, ni kizuri. Lakini hakichukui nafasi ya tembe. Miti shamba mingine huvuruga dawa au kuumiza figo. Ukitumia, tuambie, hatutakugombeza.

Mama wa Runyenjes: "Mume wangu alipata mshtuko wa moyo akiwa na miaka 49. Watoto wetu wako hatarini?" Ndiyo, wana hatari zaidi kuliko wengine. Wapimwe presha, sukari na mafuta mapema, na wasianze sigara.

Kijana wa Makutano: "Mimi ni wa bodaboda, nitarudi barabarani lini?" Mpaka daktari akupime na akuruhusu. Una maisha mawili kwenye kiti, lako na la abiria.

Ya kukumbuka

Msikilizaji, ukisahau yote, shika haya: meza dawa kila siku hata ukijisikia mzima. Dawa ikikusumbua, rudi ibadilishwe. Diklofenaki, sigara na miraa si zako tena. Punguza chumvi, tembea, nenda kliniki. Kifua kikibana, usikae kando ya magunia kwa saa tatu.

Na ninyi wengine mnaomjua mtu aliyeugua moyo, leo jioni mpitieni. Msimuulize tu habari za nyumbani. Mwulizeni swali ambalo mimi sikuliuliza: "Dawa unameza?"

Mzee wa Viazi, asante kwa kisa chako. Ni karibu saa moja jioni, tembe zako ziko wapi?

Hadi wakati mwingine, mimi ni muuguzi wenu wa Gakoromone. Kwaherini, na Mungu awalinde.

(Muziki wa kufungia)